Akae Peke Yake Mpaka Lini

Mama alinipa kibanda cha ndama. Alikuwa amekifagia, akapaka udongo mpya ukutani, akaweka kitanda cha kamba na blanketi langu la tangu shule, na ndama aliokuwa nao akawahamishia kwa ng'ombe wakubwa. Ukuta uliendelea kunuka ndama hata udongo ulipokauka. Kutoka mlangoni niliona nyumba yake, na kati ya nyumba ile na kibanda changu lilikuwepo jiwe la kusagia lililopasuka, la enzi za bibi. Chakula changu kiliwekwa juu ya jiwe hilo. Nilisubiri aliyekileta aondoke, ndipo nikakichukue.

Nilikuwa nimevuka miaka arobaini wakati huo, mtu mzima mwenye ndevu, nalishwa kama mbwa mkali. Hivyo ndivyo nilivyojiona.

Nayaandika haya kwa mtu aliyeambiwa ana kifua kikuu na sasa yuko mahali kama pale. Nayaandika pia kwa anayempikia na kwa anayempa dawa. Habari za vijidudu sizijui, waulize wenye kazi yao. Ninachokijua ni benchi la zahanati, vidonge vya asubuhi, na jinsi watu watatu wanaotakiana mema wanavyoweza kuumizana miezi mingi kwa sababu ya neno moja ambalo halikusemwa.

Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia. Kijiji chetu kiko Mbulu, juu kabisa ukingoni. Ukisimama nyuma ya zizi la mama unaliona bonde la Yaeda Chini limelala huko chini, na siku ya mawingu machache unaona vumbi la ng'ombe wa watu. Nadhani ni lile bonde lililoniharibu. Kijana akiona mbali kila asubuhi, anataka kwenda. Nilikaa Basotu wakati mashamba ya ngano yalikuwa bado na matrekta mengi. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu nikabeba mitumba kutoka Arusha, nikaizungusha minadani mpaka Balangdalalu. Kisha nikaenda Mirerani kuchimba kama vijana wote waliosikia habari za tanzanaiti, jiwe la bluu. Nilikaa huko miaka. Jiwe sikuliona, ila vumbi lake nililivuta.

Kikohozi kilianza kama mafua. Nilikidharau. Baadaye nikaanza kutoa jasho usiku hadi shati linakamulika. Suruali yangu ya kadeti niliikaza kwa mkanda, nikatoboa tundu jingine, kisha jingine, na mwisho nikaifunga kwa kamba ya katani. Siku niliyoamua kurudi nilijiona kwenye kioo cha basi nikamwona marehemu baba, sura yake ya wiki ya mwisho.

Nilifika nyumbani wakati wa baridi kali, mahindi yameshavunwa, upepo wa Mbulu unapita kwenye mifupa. Kaka yangu Yohani, ambaye boma lake limepakana na la mama, alinitazama akasema, "Huyu hatumlazi hapa hata siku moja bila kumpeleka zahanati." Tukaenda watatu, mimi, yeye na mama. Mama alijifunga kitenge chake cha kanisani.

Wanakupa kikopo, unaambiwa ukohoe asubuhi kabla hujala, ulete. Unaleta, unasubiri. Unaambiwa leta tena. Benchi la zahanati lilikuwa nje, ukutani, jua likilifikia mchana tu. Huko nilikutana na Mzee Gitagno, mfugaji kutoka chini bondeni, mgonjwa wa kifua kama mimi, fimbo mkononi na mdomo usiopumzika.

"Wewe ndiye wa Mirerani?"

"Ndiyo, shikamoo mzee."

"Marahaba. Jiwe liko wapi?"

"Sikupata, mzee."

"Miaka yote hiyo hukupata hata la kumtupia fisi?" Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka nikakohoa, na wote wawili tukashika mbavu. Kila aliponiona baada ya hapo aliniuliza habari za jiwe. Huwezi kujua ni kiasi gani mtu wa namna hiyo anakusaidia mpaka umekaa kwenye benchi kama lile.

Aliyetuhudumia alikuwa Nesi Zuhura, msichana wa Lindi, mweupe wa meno, sweta mbili mwilini kwa sababu ya baridi yetu. Alikuwa mkarimu. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wengine wakisikia simulizi hii wanamlaumu. Majibu yalipotoka alituita ndani, akamwamkia mama, akaanza kueleza huku anaandika. Kiswahili chake kilikuwa kinakimbia kama cha watu wa kwao. Dawa nizimeze pale pale mbele yake kila asubuhi, miezi miwili. Baada ya hapo nitapewa nyingine za kwenda nazo nyumbani, miezi sita. Nisiache hata nikijisikia mzima. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe mama yangu, kwa sasa huyu akae peke yake. Asilale na watu, asichanganyike na watoto. Afunike mdomo akikohoa. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," mama akasema.

"Kuna swali?"

"Hakuna."

Walinipima pia ule ugonjwa mwingine ambao wakati ule hakuna aliyeutaja kwa jina lake. Sikuwa nao. Habari hiyo haikufika kijijini. Kijijini ilifika tu kwamba Paskali amerudi kutoka machimboni amekonda.

Miezi miwili ya kwanza niliipima kwa ile njia ya zahanati. Mwanzoni nilipumzika kila kwenye mti. Nilimeza vidonge vikubwa kama vya ng'ombe, Nesi Zuhura ananitazama koo, halafu narudi. Asubuhi ya pili nilikojoa rangi ya machungwa yaliyoiva, karibu na nyekundu. Nilikaa chini nyuma ya kibanda nikajiambia figo zimekwisha. Nilipomwambia, Zuhura alijipiga paji la uso. "Uuh, sikukwambia! Ni dawa hiyo, inabadilisha rangi. Hata jasho. Usiogope." Aliyeiona rangi ile kabla yangu alikuwa mama, kwenye kopo langu la kukojolea usiku, na yeye hakuna aliyemwambia usiogope.

Mwili ulirudi polepole. Kwanza jasho la usiku lilikoma. Kisha njaa ikaja, njaa ya aibu, namaliza ugali na kulitazama jiwe kama litaleta mwingine. Nikaitupa kamba ya katani, nikarudi kwenye tundu la mwisho la mkanda. Mwisho wa ile miezi miwili walipima tena makohozi na Zuhura akaniambia pale benchini, kwa furaha, "Safi! Hakuna kitu. Sasa huambukizi mtu." Mzee Gitagno akasema, "Basi nenda kachimbe tena, sasa utaliona." Nilirudi nyumbani natembea kama mwanajeshi. Nikasimama kwenye jiwe, nikamwambia mama, "Wamesema niko safi."

Mama alikuwa anapepeta maharage. Aliniangalia, akainamisha kichwa. "Vizuri," akasema. Akaendelea kupepeta.

Jioni chakula kiliwekwa juu ya jiwe.

Mvua za kwanza zikaja. Watu wakaingia mashambani. Siku moja nilichukua jembe, maana mikono ilishapata nguvu, nikaanza kushuka shambani kwa Yohani. Mama alinikimbilia. Mama yangu ni mtu mzima, sikuwa nimemwona akikimbia tangu nikiwa mtoto.

"Usikanyage! Usikanyage shambani, mbegu zimeingia!"

"Mama, mahindi hayapati kifua kikuu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu kuna kitu kinaitwa metimani. Mtu akipatwa na jambo fulani zito, kwa mfano mama aliyejifungua mtoto asiye na uhai, anatengwa. Haingii nyumba ya mtu, hapiti kwenye mashamba ya watu, hachoti maji wanapochota wenzake, mpaka muda wake utimie na mambo ya kumtoa yafanyike. Nilidhani makanisa na shule zimelimaliza hilo zamani. Kumbe liko nyumbani kwetu, na aliyefungwa ni mimi.

Kuanzia hapo sikumsemesha. Nilisema moyoni, ananionea aibu. Nilimwona hatoki, hata Jumapili. Nikasema, amekaa kunilinda nisionekane. Mara moja nilimsikia akilia nyuma ya nyumba, mchana, nikasema, analilia aibu ya mwanawe. Shemeji Veronika, mke wa Yohani, alileta unga na kuuacha karibu na uzio, haongei. Watoto wa Yohani walinipungia mkono kutoka mbali mpaka walipoitwa. Mgonjwa ana muda mwingi wa kutafsiri, na kila kitu anakitafsiri dhidi yake.

Nilisimama nyuma ya zizi kila asubuhi nikitazama Yaeda. Mahindi yalipofika magotini nilikuwa nimeamua. Nilikwenda zahanati kuchukua dawa za mwezi, nikamwambia Nesi Zuhura, "Nipe za miezi yote iliyobaki. Nasafiri."

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Basotu, labda mbele zaidi."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

Yeye na mimi tulijua maana yake. Wapo waliosafiri hivyo, dawa zikaishia njiani, na ugonjwa ukawarudia ukiwa na hasira zaidi. Nilitegemea anikemee. Badala yake aliweka kalamu chini, akasogeza kiti upande wangu wa meza. "Kuna nini nyumbani?" akauliza, halafu akanyamaza. Alinyamaza kweli. Wahudumu wengi huuliza na kujijibu. Yeye alikaa tu, mikono ndani ya sweta, mpaka ikanibidi niseme. Nikamwambia kibanda cha ndama. Nikamwambia jiwe. Nikamwambia shamba.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Jumapili nakuja kwenu."

"Usije."

"Nakuja, Paskali. Dawa za mwezi mmoja hizi hapa. Za kusafiria sina."

Alikuja kweli, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akiongozwa na Veronika aliyemkuta njiani. Nilikuwa mlangoni kwangu. Mama aliwaona kabla hawajafika kwenye uzio, akainua mkono.

"Simama hapo hapo, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usiingie. Hapa haingii mtu."

"Mimi ni nesi wa Paskali, mama."

"Nakujua. Ndiyo maana nakuambia usiingie. Si wewe mwenyewe ulisema?"

Zuhura alisimama na viatu vyake mkononi. "Nilisema nini, mama?"

"Akae peke yake. Nikasema ndiyo. Amekaa. Na mimi nimekaa."

"Wewe umekaaje?"

Aliyejibu ni Veronika, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu. "Mama hajatoka humu tangu shemeji aletwe. Kanisani haendi. Jumuiya haendi. Kisimani haendi, anachota kule chini wanakonyweshea ng'ombe, peke yake, watu wakishaondoka. Mama Bura jirani yetu alifiwa na mume wake, rafiki yake huyo tangu usichana, na hakwenda kumzika. Alilia hapa nyuma ya nyumba."

Nilishika mwimo wa mlango. Miezi yote ile sikuwa nimetengwa na mama. Mama alikuwa ametengwa pamoja na mimi, kwa hiari yake, kwa kuwa mtoto ni wake. Jiwe halikuwa mpaka kati yangu na yeye. Mpaka ulikuwa ule uzio, na yeye alikuwa upande wangu.

Nesi Zuhura alikaa chini. Hapo hapo kwenye nyasi zilizolowa, nje ya uzio, akaweka viatu pembeni.

"Mama, kwa nini hukuniuliza mpaka lini?"

"Ulikuwa unaandika."

Nesi akafumba macho.

"Mama aliyepoteza mtoto tumboni, tunajua mwisho wake," mama akaendelea, Kiswahili chake cha taratibu, anachagua kila neno. "Hata mambo mabaya kuliko hayo, yana mwisho unaojulikana. Wewe hukusema. Nikafikiri, labda hili halina mwisho, hapendi kusema mbele ya mgonjwa. Nikanyamaza. Kisha nikaona na mkojo wake."

"Mama yangu, nisamehe. Nilikuambia mwanzo, sikukuambia mwisho. Na mwisho wenyewe ulishapita. Ulipita kabla ya mvua. Nilimwambia Paskali."

"Alisema. Lakini huyu tangu mtoto anataka kutoka. Angesema chochote atoke."

Veronika alicheka, akaziba mdomo. Hata mimi. Mama mwenyewe midomo ilicheza kidogo.

"Basi nasema mimi," Zuhura akasema, akainuka.

"Sema vizuri. Watu wasikie." Maana kwenye uzio wa jirani vichwa vilishaanza kuonekana.

Yule msichana wa Lindi, gauni limelowa nyuma, alivuta pumzi akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza mnadani kwamba Paskali ametibiwa, kwamba hawezi kumwambukiza mtu, kwamba amebakiza dawa za kumalizia, atazimaliza wakati wa masika, na kwamba yule aliyesema akae peke yake ndiye anayesema sasa atoke. Kisha akasema polepole zaidi, kwa mama peke yake, "Na wewe utoke, mama. Wewe sikukufunga kabisa."

Akavuka uzio. Mama hakumzuia. Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe, kilipokuwa kikombe changu na maziwa niliyoacha nusu, akakiinua. "Hiki ni cha kwake?" Kabla hajajibiwa, akanywa. Uso ukajikunja.

"Yamechacha!"

"Ya jana hayo," mama akasema. "Ungesubiri nikupe ya leo."

Tulicheka wote, hadi wale wa uzioni. Sikumbuki kicheko kingine kilichowahi kunitia nguvu kama kile.

Mama hakutoka siku ile. Alisema kuna mambo ya kufanya, si mengi, na akayafanya siku zilizofuata pamoja na wanawake wawili wa rika lake. Tulinyolewa, mimi na yeye. Nguo zikafuliwa, kitanda cha kamba kikachomwa, moto mpya ukawashwa jikoni. Zuhura alipoulizwa kama hospitali inakubali, alisema sabuni na wembe safi hospitali haijawahi kukataa. Kisha asubuhi moja mama alijifunga kitenge chake cha kanisani, akavuka uzio, akashika njia ya kwa Mama Bura. Nilimtazama mpaka alipopiga hodi. Sikusikia walichosema. Nilisikia tu wawili wakilia, kilio kilichochelewa, na baadaye sana, kuni zikipasuliwa kwa ajili ya chai.

Masika nilimaliza dawa. Siku ya mwisho nilikaa benchini na Mzee Gitagno, aliyebakiza mwezi wake, aliyeniuliza tena habari za jiwe. Mlango ulikuwa wazi. Ndani Zuhura alikuwa na mwanamke mgeni ambaye mume wake ndiyo kwanza ameonekana na ugonjwa. Kalamu ilikuwa mezani.

"Kwanza nikuambie mwisho wake," alikuwa anasema. Akaeleza. Halafu hakuuliza kama ameelewa. Aliuliza, "Sasa niambie, ukifika nyumbani leo utafanyaje? Atalala wapi? Atakula na nani? Majirani utawaambiaje?" Na akasubiri.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kibanda chako, uliza mpaka lini. Uliza hata kama anaandika. Na usimtafsiri vibaya mtu anayekuhudumia kabla hujamwuliza anakaaje yeye.

Mimi sikubadilika sana. Mahindi yalipokauka nilikuwa tena nyuma ya zizi, macho bondeni. Mama alikuja akasimama karibu, bega kwa bega, jambo ambalo tulikuwa bado hatujalizoea upya.

"Unaondoka."

"Nafikiri hivyo, mama. Basotu kuna kazi ya ngano."

"Sikukatazi." Akatazama bondeni na yeye. "Lakini tangu umalize shule unaniambia unaenda. Hujawahi kuniambia mpaka lini. Safari hii niambie mwisho."

Nilihesabu miezi ya kazi ile. Nikamwambia, wakati wenye ng'ombe wa Basotu wanapoanza kuchoma nyasi za zamani, nitakuwa nyumbani.

Nayaandika haya Basotu, karibu na ziwa. Nguo zangu nimezifua na mkanda uko tundu la kwanza. Jana jioni niliona moshi wa kwanza ng'ambo ya maji. Kesho asubuhi natafuta gari la kwenda Mbulu.